Kiangazi Bila Pilipili

Msichana mmoja alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, macho yametiwa matone ya kupanua mboni, ameyafumba kama mtu aliyekatazwa kuchungulia zawadi yake. Mwenzake aliyemsindikiza alikaa naye bega kwa bega kwenye benchi la wateja, kitabu magotini, akimsomea. Hakusoma kwa mbwembwe. Alisoma kama mtu anayemega kitu na kumpa mwenzake kipande kikubwa.

"'Asubuhi ile hatukufanya lolote,'" alisoma. "'Tulikaa barazani tukalisikiliza tangi la kijani likivuja. Nikasema twende tukalizibe. Kofia akasema tukiliziba, tutakosa cha kusikiliza.'"

Yule aliyefumba macho akacheka. "Rudia hapo kwa Kofia."

Mpima macho alikuwa nyuma ya kaunta, akikaza skrubu ya miwani kwa bisibisi nyembamba kama sindano. Bisibisi ikateleza, ikamchoma kidoleni. Tangi lile alilijua. Alijua lilikuwa likivuja upande gani, na kwamba chini yake palikuwa na tope ambalo kuku wa jirani walikuja kulipekua. Na Kofia alimjua kuliko alivyotaka kumjua.

"Kitabu gani hicho, wanangu?" aliuliza, akijitahidi sauti itoke ya kawaida.

"Riwaya, mama. Mpya."

"Inahusu nini?"

"Haihusu kitu," alijibu msomaji kwa fahari, kama anayemsifu mtoto wake. "Msichana amemaliza shule, anangoja matokeo. Shangazi yake kawaachia nyumba. Yeye na rafiki yake wanakaa kiangazi kizima, wanaogelea bwawani, wanapika, wanalala, wanaongea upuuzi. Hafi mtu, haolewi mtu."

"Na rafiki yake ni mmoja tu?"

"Mmoja. Kofia."

"Hakuna mwingine?"

Wasichana wakatazamana, ingawa mmoja hakuweza kuona vizuri. "Unataka wangapi, mama?" akasema yule wa matone, wote wawili wakaangua kicheko. Mpima macho akacheka nao kidogo, kwa adabu. Alipoonyeshwa jalada aliliona jina la mwandishi, lile refu la kwenye vyeti vya shule, ambalo mtaani hakuna aliyewahi kulitumia. Mtaani, mwenye jina hilo aliitwa Kobe, kwa kuwa hata alipochelewa hakukimbia.

Naye mpima macho, kabla hajawa mpima macho, kabla hajawa mke wa fundi friji na mama wa watoto waliokwisha kujitegemea, aliitwa Pilipili.

Walikuwa watatu. Hilo lilijulikana shule nzima. Kobe alikuwa wa kati, na Pilipili na Kofia walimshika huku na huku, mmoja akimvuta na mwingine akimfuata tu anakoelekea. Kofia alipata jina lake kwa kofia pana ya kaka yake aliyoivaa hata ndani ya nyumba. Ulipofika ule msimu wa kungoja matokeo, shangazi yake Kobe alikwenda kumlea mjukuu mchanga, akawaachia nyumba yake ya pembeni mwa mji, yenye baraza ndefu na bwawa nyuma ya shamba. Watatu. Waliingia na magodoro matatu. Pilipili mwenyewe ndiye aliyelibeba la Kobe kichwani.

Ni kweli kwamba yeye hakukimaliza kiangazi kile. Asubuhi moja aliamka akakuta magodoro mawili matupu. Wenzake walikuwa wamekwenda bwawani bila kumwamsha, wakarudi nywele zikitiririka maji, wakicheka jambo ambalo hawakuweza kulieleza. "Mnacheka nini?" aliwauliza. "Ulikuwa umelala vizuri mno," Kobe alimwambia, "tukakuonea huruma." Pilipili akasema huruma gani hiyo ya kula njama. Akasema mengine ambayo baadaye hakuyakumbuka yote. Alifunga virago mchana uleule, akaenda kukaa kituoni, na basi la kwanza lilipofika aliliacha lipite makusudi, ili wapate muda wa kumfuata. Hawakumfuata. Akapanda la pili.

Baada ya hapo maisha yaliendelea kama yanavyoendelea. Yeye na Kobe walipatana, wakaalikana harusi, wakazikiana wazazi. Kobe alifundisha jiografia kwenye shule ya wasichana upande wa pili wa mji, na kila sikukuu alimpigia simu kumjulia hali. Kofia alikuwa na kitalu cha miche kwenye njia ya kwenda stendi, na wakipishana walisalimiana salamu za juu juu, za watu wanaoheshimiana kwa mbali. Katika simu zote hizo Kobe hakuwahi kutamka neno kitabu.

Pilipili alikinunua siku ileile. Alifunga duka mapema, jambo ambalo wateja wake hawakulizoea, akaenda duka la vitabu kukitafuta kwa haraka ya mtu anayefuatilia mzigo wake uliopotea.

Kwanza alikisoma kama mtu anavyoitazama picha ya darasa: hatazami picha, anatafuta sura yake. Alipekua kurasa akiwinda godoro la tatu, kikombe cha tatu, sauti ya tatu ikiuliza nani kamaliza sabuni. Hakuna. Nyumba ilikuwa ileile, tangi lilelile, mlango wa jikoni uleule uliogoma kufunga mpaka upigwe goti. Yeye tu ndiye aliyekuwa ameondolewa, tena bila kuacha pengo, kama dirisha lililozibwa na kupigwa lipu hadi mgeni asijue lilikuwapo.

Kisha akafika penye bwawa.

Msichana wa kitabuni alikuwa anaogopa maji. Kofia alimlaza chali, akaweka kiganja chini ya mgongo wake, akamwambia atazame juu, asitazame pembeni, anga haina kina. Msichana akasikia masikio yake yakijaa maji na dunia ikinyamaza, akajua kwamba kitu pekee kilicho kati yake na kuzama ni kiganja cha rafiki yake, na kwamba kinatosha.

Pilipili alikifunga kitabu, akakiweka kifudifudi juu ya kaunta. Alikiangalia kiganja chake cha kulia. Kilikuwa hiki. Ni yeye aliyesimama mle bwawani maji yakimfika kifuani, mguu ukizama topeni, akimshika Kobe asubuhi baada ya asubuhi na kumwambia, "Nimekushika. Nimekushika, tulia." Mtu akikuibia pochi unapiga kelele. Huyu aliyeiba kiganja utamshtaki wapi?

Lakini hata hivyo alikifungua tena. Na hapo ndipo palipokuwa na balaa lenyewe: kitabu kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri namna ambayo hakuweza kuikasirikia. Kurasa nzima zilipita wasichana wawili wakibishana kuhusu kama wingu limesogea. Kurasa nyingine Kofia alikata nywele za mwenzake zikaenda upande, wakakaa wakizoea. Pilipili alijikuta akisoma taratibu ili zisiishe. Alisoma kati ya mteja na mteja, kitabu kikiwa kimefichwa ndani ya droo ya fremu za watoto. Alipokimaliza akaanza upya, safari hii bila kujitafuta, na kitabu kikawa kizuri zaidi. Hilo nalo likamuuma.

Mume wake alimkuta jikoni Jumapili mchana, maji yamechemka hadi sufuria inanuka, yeye amesimama na kitabu mkononi.

"Huyo Kofia kafanya nini tena leo?" aliuliza, akizima jiko. Alikuwa ameshasimuliwa yote, mara zaidi ya moja.

"Hajafanya kitu. Hafanyi kitu kamwe, ndiyo maana wote wanampenda. Wateja wangu wananiambia eti wangetamani kuwa na Kofia wao. Mtu anakuja kupimwa macho, anasifia Kofia!"

"Mke wangu, mimi niliye hai umeacha kunionea wivu, unamwonea mtu wa kwenye karatasi?"

"Si wa kwenye karatasi. Anauza miche, njia ya stendi."

"Basi nenda kanunue mche," alisema fundi friji, akachukua sufuria kuisugua.

Pilipili hakwenda kununua mche. Alikwenda maktaba ya mji, ambako tangazo mlangoni lilisema mwandishi angezungumza na wasomaji wake. Alivaa gauni la kitani alilolihifadhi kwa shughuli kubwa, na njiani alipanga maneno yake, akayapangua, akayapanga tena. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni mbili zilizozungusha joto badala ya kulipunguza. Alikaa safu ya nyuma. Safu ya mbele, kofia ya rangi ya udongo juu ya goti, alikuwa amekaa Kofia.

Kobe aliongea kama alivyotembea. Alisoma kipande kidogo, akanywa maji, akakaribisha maswali. Mzee mmoja mwenye fimbo akasimama.

"Mimi nina lalamiko," alisema. "Nilingoja mpaka ukurasa wa mwisho mtu afe. Hakufa mtu! Hata ugomvi hakuna. Wasichana wanaishi pamoja kiangazi kizima hawagombani hata siku moja? Mimi nina mabinti. Hiyo si kweli."

Ukumbi ulicheka. Kobe pia alicheka. "Pole kwa kukungojesha, mzee wangu."

Pilipili alijikuta amesimama. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yametawanyika, likabaki moja tu.

"Walikuwa wawili kweli?" aliuliza.

Kobe alimtambua kwa sauti kabla ya kumwona. Uso wake haukushtuka. Ulitulia zaidi, kama mtu aliyekuwa akisubiri hodi hii. Safu ya mbele Kofia aligeuka.

"Kwenye kitabu," alisema Kobe, "walikuwa wawili."

Watu walipotoka, Pilipili na Kobe walikaa uani mwa maktaba, kwenye ukuta mfupi kando ya rafu mbovu zilizorundikwa zingoje kutengenezwa. Kofia alikuwa bado ndani, akisaidia kupanga viti. Kobe alivua ndala, akaziweka nyayo juu ya saruji ya baridi.

"Ungeniambia," alisema Pilipili. "Ningesikia kutoka kwako, si kutoka kwa watoto wanaokuja kutiwa matone."

"Ningekuambia, ungeniuliza uko ukurasa gani."

"Na ni kosa kuuliza? Nilikuwapo! Godoro lako nililibeba mimi."

"Ulilibeba."

"Na kuelea? Nani alikufundisha kuelea, Kobe?"

"Wewe."

Pilipili alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Jibu lile lilimkosesha pa kushika. "Basi mbona umempa yeye?"

Kobe alisugua nyayo kwenye saruji. Angekuwa mtu mwingine, Pilipili angesema anatafuta uongo, lakini huyu alimjua: alikuwa akitafuta neno.

"Ulipoondoka nilizama," alisema. "Siku chache tu baadaye. Niliingia majini nikijua ninajua kuelea, nikaenda chini kama jiwe. Kumbe nilikuwa ninajua kuelea juu ya kiganja chako. Kofia akanifundisha upya. Siku moja akaniachia bila kuniambia, akaenda zake ukingoni kuvaa nguo, nami niko katikati ya bwawa ninaongea na mtu asiyekuwapo." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Wewe hukuwahi kuniachia, Pilipili. Ulikuwa unanishika hata nikikuambia tayari."

Uani palikuwa na bomba lililofunikwa kwa kopo. Pilipili alilikazia macho.

"Nilikuandika," Kobe aliendelea. "Usidhani sikukuandika. Mwanzoni ulikuwa ukurasa wa kwanza. Lakini kila nilipokuingiza chumbani, kisa kilianza. Mara mtu kanuna, mara mtu anambembeleza, mara tunataka kujua nani anampenda nani zaidi. Ni kisa kizuri, watu wangekisoma. Ila nilikuwa nikiandika kitabu chako. Mimi nilitaka zile wiki za baadaye, ambazo hakukutokea kitu."

"Wiki za baada yangu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mlifurahi nilipoondoka."

"Tulilia kwanza."

Pilipili akacheka kicheko kikavu. "Mlilia mkiwa barazani. Mimi nilikaa kituoni peke yangu nikiwangoja. Niliacha basi zima lipite, Kobe. Unajua hilo? Sijawahi kumwambia mtu."

"Najua," alisema Kobe. "Tulikuwa nyuma ya kibanda cha tiketi."

Upepo ulipita, ukafunua karatasi moja kwenye rafu mbovu, ukailaza tena.

"Mliniona?"

"Tulikimbia njia yote. Hata mimi nilikimbia. Tulipofika basi la kwanza lilikuwa linaondoka, tukakuona umebaki, umekaa juu ya begi umetugeuzia mgongo. Kofia akataka kukuita. Nikamshika mkono."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Kobe alizivaa ndala zake moja moja. "Nilikuwa nimechoka," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikupenda na nilikuwa nimechoka. Tulikaa pale mpaka la pili lilipokuja, ukapanda, tukarudi nyumbani kwa miguu hatuongei. Na kesho yake ndipo ile asubuhi ya tangi."

Ile asubuhi ambayo hawakufanya lolote. Pilipili aliijua karibu neno kwa neno. Alikuwa ameipenda kuliko kurasa zote, akiwaza wasichana wawili wameiokota wapi amani hiyo, na kumbe mlango walioingilia ni ule alioufunga yeye mwenyewe akitoka.

Alitaka kusema kitu cha kuunguza. Ulimi ulikuwa nacho tayari. Kabla hajakitoa, Kofia alitoka ukumbini, kofia imerudi kichwani, mkononi ameshika nakala yake ya kitabu na karatasi ya ratiba. Aliwasogelea kwa hatua za mtu asiyejua kama amekaribishwa.

"Wanasema kuna chai mbele," alisema, akiisoma ile karatasi. Aliunyosha mkono mpaka kiwiko kikakaza, akarudisha kichwa nyuma, akakunja uso. Kisha akakata tamaa. "Au si chai. Someni wenyewe."

Pilipili alimtazama kwa jicho la kazi, jicho ambalo halikujua ugomvi. Akaitazama na ile nakala. Mgongo wa kitabu ulikuwa mpya kabisa, haujapata mkunjo hata mmoja.

"Hujakisoma," alisema.

Kofia alimtupia Kobe jicho la kuomba msamaha. "Nitakisoma. Herufi zake ndogo mno, zinaogelea. Kobe ameniambia nimo, nikamwambia asante."

Pilipili alirudi nyumbani na siri tamu, na utamu wake ulikuwa mchafu. Kofia hakujua. Watu wasiomjua walimpenda, wasichana walisomeana maneno yake kwenye mabenchi, na mwenyewe alikuwa akimwagilia miche bila habari. Mjini humu, ukimwondoa Kobe, Pilipili ndiye aliyejua zaidi jinsi Kofia alivyopendwa, ukurasa kwa ukurasa. Aliilea siri hiyo kwa siku kadhaa kama mtu anayelamba jino linalouma. Alijiambia si kazi yake. Mwenye macho mabovu ana miguu ya kuja dukani. Alijiambia Kofia ameshapewa kiangazi kizima, akose kitabu tu. Kisha alirudi kwenye kitabu, akasoma pale Kofia anapomwambia mwenzake kwamba nywele zitaota, ila siku ya leo haioti tena, na akaona aibu ya kuwa peke yake na kitu kizuri ambacho mwenyewe hajakiona.

Siku ya mapumziko alibeba sanduku la lenzi za kupimia, akashuka njia ya stendi.

Kofia alikuwa amekaa kwenye kigoda kati ya safu za miche, akijaza udongo kwenye viriba vyeusi vya plastiki. Alipomwona hakuinuka.

"Umekuja kugombana?" aliuliza. "Kama ni kugombana, ngoja nimalize safu hii."

"Nimekuja kukupima macho."

"Bure?"

"Usinijaribu."

Kofia alifuta mikono kwenye kanga. Pilipili alimvua ile kofia yeye mwenyewe, akamvisha fremu ya majaribio, lile dude zito la duara linalomfanya kila mtu afanane na bundi, akaanza kuchomeka lenzi. Ilibidi amshike kidevu. Hakuwa amemgusa mwanamke huyu tangu walipokuwa wasichana, na alishangaa kwamba ngozi ya adui aliyemlea moyoni miaka yote ilikuwa na vumbi na jasho la kawaida.

"Ya kwanza," alisema, "au ya pili?"

"Zote sawa."

"Hakuna sawa. Tazama vizuri. Ya kwanza, au ya pili?"

"Ya pili." Kofia alipepesa macho chini ya lile dude. "Nilitaka kukuita, unajua. Pale kituoni."

"Kobe ameniambia. Usitikise kichwa."

"Mimi nilikuwa ninakuonea gere. Wewe ukiondoka mtu anakimbia mpaka stendi. Mimi nani angenikimbilia? Hata nisingejua namna ya kuondoka."

Pilipili aliyekuwa ameshika lenzi kwa ncha za vidole alisahau ni ya ngapi. Aliisogeza kwenye mwanga, akaipangusa ingawa ilikuwa safi. "Ya tatu," alisema mwishowe, "au ile ya pili?"

Miwani ilipokuwa tayari aliipeleka mwenyewe. Alikuwa ameichagulia fremu nyepesi, isiyogongana na ukingo wa kofia, na alimwambia Kofia ajaribu kusoma maneno kwenye mfuko wa mbolea, naye ana haraka, duka halina mtu. Kofia alisoma mfuko wote mpaka anwani ya kiwanda. Kisha aliingia kibandani, akatoka na kitabu, akakifungua kwa nguvu mpaka mgongo ukalia, akakaa.

Pilipili alibaki amesimama. Angeweza kuondoka. Badala yake alivuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia. Mbele yake palikuwa na rundo la udongo na viriba vitupu, na kwa kuwa mikono yake haikuzoea kukaa bure, alikichukua kimoja akaanza kukijaza.

Kofia alisoma polepole, midomo ikitembea. Jua lilisogea kutoka mche huu hadi ule. Mteja mmoja alikuja, akaulizia miche ya kivuli, Pilipili akamwonyesha iliko, akalipa, akaenda. Msomaji hakuinua kichwa. Pilipili alijaribu kukisia yuko wapi kwa unene wa kurasa zilizolala upande wa kushoto. Alikuwa na kijicho cha namna mpya sasa: huyu alikuwa anakisoma kwa mara ya kwanza, na mara ya kwanza ni moja tu.

Ghafla Kofia akacheka. Si kicheko cha kuchokozwa na maneno. Kilitoka mbali, kikamtikisa mabega, miwani ikashuka puani. Pilipili alikikumbuka kitabu chote, na kurasa zile hazikuwa na mzaha wowote, palikuwa na nguo tu kwenye kamba. Kwa hiyo palikuwa na jambo. Jambo la wawili, lililojificha nyuma ya nguo zile, ambalo hata kukijua kitabu kwa moyo hakukumfikisha. Wivu ulimchoma palepale pa zamani, ukiwa mzima kabisa, haujazeeka hata siku moja.

"Unacheka nini?" aliuliza.

Kofia alinyanyua kidole kimoja chenye udongo, bila kuondoa macho kwenye ukurasa.

"Ngoja," alisema.

Pilipili alilisikia swali likirudi tena mdomoni, na nyuma yake maneno mengine yamejipanga. Barabarani basi la stendi lilipita likijaza hewa vumbi, majani ya miche yakatikisika, yakatulia. Alikaza kiriba alichokishika, akakisimamisha pamoja na vingine, akanyoosha mkono kuchukua kitupu.